Kadi ya Mtandao ya Seva: Mwongozo kwa Wapenda Bei Chee

Prosesa umeichagua kwa wiki nzima. RAM umejaza, diski za SSD umeweka mbili ili moja ikifa nyingine ibaki. Halafu, fedha zikiwa zimebaki za nauli tu, unaingia duka la kwanza Kariakoo au Luthuli Avenue na kusema, "Nipe kadi yoyote ya mtandao, ya bei nafuu." Wewe ndiye ninayekuandikia. Nitakusema, na utanivumilia, kwa sababu kila ukurasa utakaotoka kwenye seva hiyo utapita kwenye hicho kikadi, na kikigoma wanaoumia ni wasomaji wa tovuti yako.

Kwanza, achana na sanduku. Sanduku limechorwa na watu wa masoko, nao hawataamka saa nane usiku kukuinulia seva. Linux, inayoendesha seva yako, haijali jina la kampuni lililopigwa rangi pale mbele. Inachotambua ni chipu. Itoe kadi, ielekeze kwenye mwanga, usome maandishi madogo juu ya chipu kubwa kuliko zote. Kadi ya Linksys iitwayo LNE100TX iliuzwa miaka mingi kwa jina hilohilo huku chipu ikibadilishwa toleo hadi toleo. Aliyenunua baada ya kusifiwa na rafiki yake alipata jina lilelile na kadi nyingine kabisa.

Ukishaijua chipu, uliza swali ambalo muuzaji hatalipenda: draiva yake imo ndani ya keneli ya Linux, au nitaitafuta mwenyewe? Hapa ndipo penye uzito wa jambo lote. Draiva iliyomo ndani ya keneli husafiri nayo. Keneli ikibadilika, nayo hurekebishwa. Draiva ya kupakua pembeni inabidi ijengwe upya kila keneli inapobadilika. Siku ijengwapo vibaya, unaiagiza seva ijiwashe upya ukiwa nyumbani, inawaka salama salimini, ila mtandao haina. Huwezi kuiingia kutoka mbali kuirekebisha, kwa kuwa njia ya kuingilia ndiyo iliyokufa. Utavaa viatu na kuifuata ilipo. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, omba kadi ichomekwe kwenye kompyuta yenye Linux, andika lspci -k, na utafute jina la draiva chini ya jina la chipu. Usipoliona, rudisha kadi mezani na uage kwa adabu.

Bei chee ina historia. Chipu ya Realtek RTL8139 ilienea dunia nzima kwa sababu ilikuwa rahisi. Bill Paul, aliyeiandikia draiva ya mfumo wa FreeBSD, aliilaumu waziwazi ndani ya msimbo wenyewe kuwa imeishusha hata ile daraja ya chini kabisa, na alikuwa na sababu. Chipu hiyo ilikuwa na nafasi nne tu za kupangia pakiti zinazotoka, na jinsi ilivyoundwa ililazimisha prosesa kunakili data ambayo kadi nzuri huichukua yenyewe kwenye kumbukumbu. Ulichookoa dukani ulikilipa kwa prosesa. Realtek za gigabiti za leo, kama RTL8111, ni afadhali sana, na draiva ya r8169 imo kwenye keneli. Kwa kompyuta ya karani zinatosha. Kwa seva yenye wateja, tafuta Intel I210 au I350, zinazotumia draiva ya igb.

Tofauti yake huonekana kazi ikiwa nzito. Laini ya gigabiti moja inaweza kupitisha hadi pakiti 1,488,095 ndogo kwa sekunde. Kama kila pakiti ingeikatiza prosesa, isingepata nafasi ya kumhudumia mtu. Linux hupunguza adha hiyo kwa utaratibu uitwao NAPI: msongamano ukizidi, keneli huacha kusubiri kuitwa, ikaenda yenyewe kuzichukua pakiti kwa mafungu. Juu ya hapo, I210 ina foleni nne na I350 ina nane kwa kila tundu, hivyo kiini kimoja cha prosesa hakibebeshwi mzigo wa wote.

Wala usiiabudu Intel. Mwaka 2008, keneli za majaribio za 2.6.27 ziliharibu kumbukumbu ya ndani ya baadhi ya kadi zake zinazotumia draiva ya e1000e. Chanzo kilikuja kuonekana kwenye ftrace, chombo cha kufuatilia mwenendo wa keneli. Chipu za mwanzo za I225 nazo zilitoka na kasoro ya kupoteza pakiti. Tena I350 za bandia zimejaa sokoni. Mpya ikiuzwa robo ya bei ya wengine, iache; afadhali ya mtumba iliyong'olewa kwenye seva halisi.

Kuhusu kasi, punguza tamaa. Kama seva iko ofisini kwenye laini ya megabiti 20, kadi ya gigabiti 10 haitamfikishia msomaji ukurasa mapema hata kidogo. Gigabiti moja hutoa takribani megabaiti 118 kwa sekunde, yaani karibu kurasa 59 za megabaiti mbili mbili. Ukifika huko, njoo tuzungumze habari za kadi za gigabiti 10 kama Intel X550. Kama seva yako ni ya kukodi na ya mtandaoni tu, kadi yake ni ya kuigizwa na programu, mara nyingi virtio. Huna cha kuchagua.

Ukishaifunga kadi, usiondoke. Andika ethtool na jina la kadi, uangalie mstari wa Speed. Ukikuta 100Mb/s mahali pa 1000Mb/s, usikimbilie kumgombeza muuzaji, shika kebo. Gigabiti inahitaji jozi zote nne za nyaya, megabiti 100 hutosheka na mbili, na mara nyingi jozi moja iliyobanwa vibaya kwenye kichwa cha plastiki ndiyo iliyoirudisha nyuma kadi nzima. Kata kichwa, bana upya, pima tena. Kisha endesha ethtool -S, uziandike hesabu za makosa, urudi kesho yake kulinganisha. Zikiwa zinapanda, kuna kitu kibovu, hata kama tovuti inafunguka.

Nunua mbili za aina moja. Moja ifunge, nyingine iweke kabatini na karatasi yenye jina la chipu na draiva, ili atakayekuwa zamu siku iliyofungwa itakapokufa asilazimike kukupigia simu.