Namna ya Kukuza Kampuni Mwanza Bila Kupoteza Mizani

Ndugu mkurugenzi, hongera. Juzijuzi tu mlikuwa watu watano na meza ya kuazima pale Kirumba, mkinunua dagaa mwaloni na kuwauzia watu wa Dar es Salaam kwa simu. Leo mko themanini. Una mawakala Nansio, Sengerema na Musoma, una ofisi Capri Point, na una mwekezaji ambaye kila mwisho wa mwezi anataka kujua "utamaduni wa kampuni" umefikia wapi. Wiki iliyopita ulipishana ngazini na vijana watatu waliovaa fulana zenye nembo yako, wakakuamkia kwa adabu, na wewe hukumjua hata mmoja. Tangu siku hiyo hulali vizuri. Mwongozo huu ni wako, na kifaa cha kwanza utakachohitaji ni spana.

Panda ngazi, ung'oe lile bango la mapokezi lenye herufi za dhahabu: UADILIFU, UBUNIFU, USHIRIKIANO, UPENDO KWA MTEJA. Najua liligharimu. Ling'oe hata hivyo, ulilaze stoo. Kampuni ya Enron ya Marekani ilichapisha maneno manne kama hayo katika ripoti yake ya mwaka 2000: mawasiliano, heshima, uadilifu, ubora. Desemba 2001 ilifilisika, na vitabu vyake vya hesabu vikaonekana vilikuwa vimejaa uongo. Ubaya wa bango ni kwamba humfanya bosi aamini kazi imekwisha. Wakala wako wa Nansio hajaliona. Mama anayekuuzia dagaa Ukara hana habari nalo. Katika kampuni yako yote, kitu pekee anachokijua yule mama ni mizani, na hapo ndipo anapokusoma wewe, ukoo wako na mwekezaji wako.

Huhitaji kwenda Marekani kujifunza hayo. Kampuni iliyokua kwa kasi ya kutisha katika kanda hii ilianzishwa na wakulima wa pamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mkulima wa Usukuma alibeba mzigo wake hadi kituo cha ununuzi, ukapimwa na mtu mwingine kwa mizani ya mtu mwingine, kisha akatajiwa ratili zake. Alijua amepunjwa. Alichokosa ni namna ya kuthibitisha. Basi vikundi vya wakulima vikafanya jambo dogo lenye akili sana: vikatafuta mizani yao vyenyewe, watu wakawa wanapima pamba kabla ya kuifikisha kwa mnunuzi.

Paul Bomani, aliyewahi kuwa karani kwenye mgodi wa almasi wa Mwadui na baadaye katibu wa ushirika wa wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza, alilishika jambo hilo na kuzunguka nalo vijijini. Mwaka 1952 kikaundwa chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa. Mwaka 1955 vyama vya ushirika vya pamba vikaunganishwa katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, makao yake hapa Mwanza. Ulipofika Uhuru, shirikisho hilo ndilo lililokuwa likinunua pamba ya kanda nzima, lina viwanda vyake vya kuchambulia, na lilitajwa miongoni mwa mashirika makubwa kabisa ya Waafrika barani. Ukuaji wa namna hiyo mwekezaji wako angeulilia.

Angalia sasa kilichowashikamanisha. Walikuwemo Wasukuma, Wakerewe, Wazinza na Wajita, maelfu kwa maelfu, na wengi wao hawakujua kusoma. Hakuna aliyewaandikia maadili ya taasisi. Hata TANU ilikuwa imefungiwa katika Jimbo la Ziwa tangu mwaka 1954 hadi 1958, kwa hiyo lugha ya siasa nayo ilibidi isemwe chini kwa chini. Lakini kila mmoja alijua kwa mgongo wake uchungu wa uzito ulioibwa, na kila mmoja aliweza kwenda kuitazama dawa yake ikifanya kazi. Thamani ya pamoja, kwa maoni yangu, ni hiyo tu: jambo ambalo mdogo anaweza kumpimia mkubwa.

Kwa hiyo, hatua ya pili: nunua mizani ya pili. Wakala wa Vipimo waje waihakiki na kugonga muhuri kama ile ya kwanza, kisha uikabidhi kwa wauzaji wenyewe. Wachague wao nani aitunze, na mshahara wake usitoke kwako. Muuzaji yeyote akitaka dagaa wake wapimwe upya, wapimwe, na karani wako asikunje uso. Watakuambia inachelewesha kazi. Ni kweli, wiki ya kwanza inachelewesha. Baada ya hapo watu huacha kupima mara mbili, kwa sababu wanajua wakitaka wanaweza.

Ndani ya ofisi nako ni hivyohivyo, na huko ndiko wakurugenzi wengi wanakopata kigugumizi. Kamisheni ya kijana wa mauzo inakokotolewaje? Aweze kukaa na kalamu akaikokotoa mwenyewe na kupata jibu lilelile la mhasibu. Nani alipandishwa cheo, na kwa kigezo gani? Gari la kampuni lilikuwa Bukoba Jumapili kwa kazi ipi? Kama maswali hayo yanaulizwa kwa kunong'ona jikoni wakati wa chai, huo ndio utamaduni wa kampuni yako, bila kujali kilichoandikwa kwenye fulana.

Usiniulize lini mkutane kuyajadili. Wavuvi wa dagaa wameshapanga kalenda. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kubwa taa haiwavuti, kwa hiyo mitumbwi hupumzika. Siku hizo watu mwaloni hushona nyavu na kupiga hesabu: gharama za mafuta na taa zinatolewa, kinachobaki kinagawanywa kati ya tajiri na wavuvi wake, na kelele zote za mwezi zinapigwa hapo. Tajiri asiyetokea siku ya hesabu hupata shida ya watu wa kwenda ziwani giza likirudi. Fanya kikao chako cha kampuni wakati huohuo, hapohapo mwaloni, makarani na wahandisi wa programu mkae pamoja na wanaokuuzia. Wahandisi waje wote, hata wale wanaosema kazi yao haihusiani na samaki. Yule aliyeandika programu inayokata nusu kilo kwa "kukaribisha hesabu" anatakiwa amwone kwa macho mtu anayekatwa.

Sasa tuje kwa yule bingwa wako. Kila kampuni inayokua inaye: kijana mchangamfu, anavuka lengo kila mwezi, picha yake umeibandika ukutani. Ukichunguza utakuta anawashindilia wauzaji lumbesa. Gunia limejaa, limewekewa kilemba juu, limeshonwa kwa kamba, na bado linalipwa kama gunia moja. Lumbesa imekatazwa na sheria ya vipimo, na gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100. Yeye anasema ndivyo biashara ilivyo.

Mwachishe kazi mwezi uleule alioongoza kwa mauzo. Usingoje mwezi mbaya, maana ukimwondoa mwezi mbaya watu watajifunza kwamba kosa lake lilikuwa kushuka mauzo. Mlipe haki zake zote, umshukuru kwa alichofanya vizuri, na useme sababu mbele ya wenzake kwa sentensi moja isiyo na matusi. Siku hiyo watu themanini watafundishika kuliko katika semina yoyote ya hotelini. Ninalisema hili nikijua litakuuma mfukoni. Ni lazima liume; kinachofanywa bila hasara yoyote hakuna mfanyakazi anayekiamini.

Na kama unadhani kijana mmoja hawezi kuiangusha kampuni, muulize yeyote aliyekuwa kwenye biashara ya sangara mwaka 1999. Kulikuwa na watu waliovua kwa sumu, wachache ukilinganisha na umati wa wavuvi wa ziwa hili. Umoja wa Ulaya ukafunga mlango kwa samaki wa Ziwa Victoria, wa Tanzania, Kenya na Uganda pamoja. Viwanda vilivyokuwa safi vilikosa soko sawa na vichafu, na mvuvi wa Ukerewe ambaye hajawahi kushika chupa ya sumu akauza kwa bei ya kutupa. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, vinavyoitwa BMU, vilipata nguvu kwenye mialo kwa kuwa watu walikwisha kuona gharama ya kusema "hayanihusu". Mfanyakazi mpya asimuliwe hayo wiki yake ya kwanza, na mtu wa mwaloni, kabla hajapewa kompyuta.

Kuhusu mashindano ya kujenga timu, lile la kuvuta kamba kwenye bustani ya hoteli liache. Nenda Bujora, kule Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma, uulize habari za Bagika na Bagalu. Hizi ni pande mbili za ngoma zilizoshindana vizazi na vizazi. Zinacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watazamaji wengi. Hakuna jopo wala alama za kujipa; watu wanahama kwa miguu yao, na kila mchezaji anaona. Gawa vituo vyako pande mbili kwa namna hiyo, na waache wauzaji waamue kwa kupeleka mzigo wao wanakotaka. Kituo kilichokimbiwa hakitahitaji ripoti ya kurasa arobaini kueleza kimekosa nini.

Lakini kumbuka jinsi Shirikisho lilivyoishia, kwa sababu ni hapo kampuni kama yako inapopaswa kuogopa. Lilipokuwa kubwa, mkulima akajikuta tena mbali na mizani. Safari hii mizani ilikuwa yake kwa jina, na karani alikuwa mtoto wa kijijini kwake. Mwaka 1966 serikali iliunda kamati maalumu kuchunguza vyama vya ushirika nchini, nayo ikakuta wanachama wasiojua haki zao, watendaji wasio na ujuzi wa kazi waliyopewa, na wanasiasa walioingiza mikono. Shirikisho likawekwa chini ya usimamizi wa serikali na kugeuzwa kuwa Chama Kikuu cha Ushirika cha Nyanza kabla muongo ule haujaisha. Mwaka 1976 vyama vikuu vyote vikafutwa. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Waanzilishi hawakuwa wezi. Walikuwa watu walioandaliwa kusimamia vituo vichache, wakajikuta na mamia, na uajiri ukaenda mbio kuliko mafunzo. Wewe umeajiri wangapi mwaka huu, na wangapi kati yao wamewahi kusimama kwenye mizani upande wa muuzaji?

Kila karani mpya asimame upande huo mwezi mzima kabla ya kuhamia upande wa pili. Ndugu zako na ndugu za mwekezaji waanzie hapohapo.

Hatimaye mizani ya pili itakukamata wewe. Kituo fulani kitakutwa kimepunja robo kilo kwa kila ndoo, labda kwa kutu, labda kwa mkono wa mtu. Wanasheria watakushauri unyamaze, na msemaji wako atakuandalia tamko la kusikitika. Weka tamko kando. Toa stakabadhi zote za kituo hicho tangu siku mizani ilipohakikiwa mara ya mwisho, kokotoa upungufu wa kila muuzaji, ulipe kwa simu siku hiyohiyo, na orodha ya stakabadhi ibandikwe mwaloni ili kila mtu aikague yake. Kwa wauzaji wa Ukara, panda kivuko cha Bugolora mwenyewe ukiwa na fedha taslimu, maana mtandao ukisumbua hawatangoja utulie ndipo waanze kukusema.