Kiingereza cha Kulipia Mara Mbili

Shuleni kwetu Kisauni kulikuwa na diski. Ni kipande cha mbao chenye kamba, unavishwa shingoni ukinaswa unasema Kiswahili, na huna njia ya kukivua ila umnase mwenzako. Kengele ya mwisho ikilia, aliyekutwa nacho anamtaja aliyempa, naye anamtaja aliyempa yeye, mpaka nusu ya darasa imelala kifudifudi ikingoja kiboko. Hivyo ndivyo Kiingereza kilivyoniingia, na si kwa kupitia masikioni.

Sasa niko Coventry, nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee, naomba uraia wa Uingereza, na wenye lugha wananiambia nithibitishe kwamba naijua. Kuna orodha ya nchi ambazo watu wake hawaulizwi. Jamaica imo, Malta imo, Marekani imo. Kenya haimo. Tulitawaliwa, tukavishwa diski, tukarithi hata mawigi ya majaji, lakini kwenye orodha hatumo. Mwenye digrii iliyofundishwa kwa Kiingereza ana mlango wake wa kupitia. Mimi nina cheti cha upishi.

Basi nikalipa, nikaenda kwenye mtihani wa kusema na kusikiliza, ngazi ya B1, mazungumzo ya dakika kama kumi. Mtahiniwa unaruhusiwa kuja na mada yako. Mimi nilikuja na mahamri. Nikaeleza unga unavyoumuliwa, nikaeleza iliki na tui, nikaeleza hamri linavyovimba mafutani likajigeuza lenyewe kama lina akili. Mtahini, mama mpole, akanisikiliza mpaka mwisho kisha akauliza: kwa hiyo ni donati? Nikabanwa. Nikikataa tutabishana na dakika zinakwenda. Nikikubali, nitarudi Kisauni na uso gani? Nikamwambia ni binamu yake donati, upande wa mama. Nikapita.

Kumbe sheria yao inakubali pia Kiwelisi na Kigaeli cha Uskoti. Hilo nimelijua nikiwa nimeshalipa. Nikachungulia na ya kwetu: mgeni anayetaka uraia wa Kenya sharti aelewe na aseme Kiswahili au lugha nyingine ya wenyeji. Kiingereza hakitoshi! Yule mwalimu wa diski natamani apelekewe nakala.

Baada ya lugha, mtihani wa maarifa juu ya Uingereza. Maswali 24, dakika 45, ada pauni 50, na usipofikisha 18 unalipa upya. Kitabu chake nakisoma usiku wazee wakishalala. Wake sita wa Henry VIII nawajua kuliko mawifi zangu: nani aliachwa, nani alikatwa kichwa, nani alibahatika kumzika. Najua Sake Dean Mahomet alifungua mkahawa wa kwanza wa vyakula vya Kihindi London mwaka 1810, habari niliyoipenda, ila sijaona itanifaa vipi nikitaka kumwandikisha mtoto shule. Mambo ya maisha ya kila siku, kama hilo la shule, yalipunguzwa katika toleo la 2013 la kitabu, historia ikaongezwa.

Na waziri mkuu aliyekuwa madarakani toleo hilo lilipotoka, David Cameron, miezi michache kabla yake alikwenda kwenye kipindi cha televisheni cha David Letterman kule New York, akaulizwa nani alitunga muziki wa "Rule, Britannia!" Akabahatisha Edward Elgar. Ni Thomas Arne. Alirudi kwao na pasipoti ile ile.

Mama mkwe wangu amekwisha pita miaka 65, kwa hiyo amesamehewa yote mawili, lugha na kitabu. Amejipa kazi ya kunitahini. Anakaa kwenye kochi, miwani puani, mjukuu anamsomea majina naye anauliza.

"Huyu wa pili, Anne Boleyn, alimkosea nini mumewe?"

"Walimsingizia zinaa, mama. Lakini shida yake hasa, hakuzaa mtoto wa kiume."

Akanitazama juu ya miwani.

"Na wewe una wasichana watatu," akasema, akamwambia mjukuu afungue ukurasa unaofuata.