Mteja Mwenye Vitufe Vitatu

Wanafunzi wa usanifu wa mafunzo siku hizi hunolewa kwa simulesheni. Mteja wa katuni, tai shingoni, anatokea kwenye skrini na kulalamika kwamba wafanyakazi wake wanahitaji mafunzo. Chini yake kuna vitufe vitatu: kimoja cha kijinga, kimoja cha kijinga kidogo, na cha tatu, kirefu kuliko vyote, ndicho jibu. Mwanafunzi anabofya kirefu, anapewa nyota. Kajifunza kweli: jibu sahihi lina maneno mengi.

Watetezi watasema hata rubani hujifunzia kwenye mashine, tangu Edwin Link aunde yake kule Marekani mwaka 1929. Sawa, na hakuna abiria anayetaka kuwa daftari la mazoezi. Ila upepo hufuata fizikia; mteja hafuati hata barua pepe yake ya jana. Mtaalamu wa somo wa kwenye skrini, yule wa kumpa msanifu maudhui, hujibu papo hapo. Wa kweli "yuko kikaoni" mpaka siku ya uzinduzi, ndipo analeta slaidi 140. Mtafiti wa elimu Richard Clark aliandika mwaka 1983 kwamba chombo cha kufundishia hakimfunzi mtu, kama lori la vyakula lisivyomnenepesha mlaji. Mtafiti mwenzake Robert Kozma alimpinga, na kwa simulesheni ana hoja, maana kukosea mara kumi bila kumuudhi yeyote si haba. Basi wanafunzi wapewe kazi ya kuitunga hiyo simulesheni. Anayehangaika kuandika kitufe cha kijinga ambacho mwenye akili angekibofya amewaza makosa ya watu zaidi kuliko mkusanya nyota, ingawa nyota, tukubali, hupendeza kwenye ripoti ya mfadhili.