Ughaibuni Nimefika kwa Miguu: Barua kutoka Karonga

Kwenu nyote wa Pongwe, Tanga: Mama, Shangazi, Mjomba, na wazee wote wa kijiweni.

Mimi huku ni mzima wa afya. Hofu yangu iko kwenu, hasa baada ya kupokea ile orodha yenu ya maagizo. Nimeisoma yote. Mjomba anataka simu yenye kamera tatu. Shangazi anataka koti zito la baridi, ingawa Pongwe haijapata baridi ya koti tangu iumbwe. Kuna na mwingine, hakuandika jina ila mwandiko naujua, anayetaka manukato "ya huko huko". Ndugu zangu, huko huko kwenyewe ni Karonga, kaskazini mwa Malawi. Ukitoka Kyela unafika Kasumulu, unagongewa muhuri, unavuka daraja la mto Songwe, basi, umeshafika. Katika ukoo wetu wote, wa kwanza kwenda ughaibuni kwa miguu, begi kichwani, ni mimi.

Najua mlivyonitangaza mtaani. Dua ilisomwa, ubwabwa ukapikwa, na shehe akaniombea nisipotelee katika nchi za barafu. Barafu ya hapa ni ile ya vifuko, inauzwa getini wakati wa mapumziko, na inayeyuka kabla mtoto hajapata chenji. Joto la Karonga mwezi wa kumi na moja, mvua zikiwa bado, lingemfanya Shangazi alitupe hilo koti mtoni.

Suala la pesa nalo tulimalize mapema. Nimekuja kujitolea. Nimepewa chumba, chakula kipo, na posho yangu inatosha sabuni, vocha na nauli ya kabaza, ndiyo baiskeli ya abiria. Mjomba, nakusikia hadi huku ukiuliza: mtu mwenye cheti chake cha ualimu, aliyekuwa akijitolea shule ya jirani akisubiri ajira ya serikali kama wenzake, anavukaje mpaka kwenda kujitolea tena? Ni kweli, kazi ni ileile. Tofauti ni kwamba nilipokuwa nikiifanya hapo Pongwe hakuna aliyenisomea dua.

Sasa niwaeleze mapokezi. Kijiji kiliambiwa kwamba anakuja mwalimu wa kujitolea kutoka nje. Akina mama wa kamati wakavaa vitenge vya sare, kwaya ya darasa la nane ikajipanga chini ya mwembe (huku shule ya msingi ina madarasa manane). Nikashuka kwenye baiskeli, nikajifuta vumbi, nikatabasamu. Watu wakaendelea kutazama barabara nyuma yangu. Mwalimu mkuu, muungwana kweli, akanisogelea na kuninong'oneza: "Mgeni mwenyewe yuko nyuma?" Nikamwambia mgeni ndiye mimi. Akanitazama, akaitupia barabara jicho la mwisho, kisha akaiashiria kwaya ianze.

Siwalaumu. Mwalimu mgeni katika nchi hii ana sura yake. Vijana wa kujitolea wa Peace Corps ya Marekani walianza kuja mwaka 1963, na mmoja wao alikuwa Paul Theroux, yule aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri. Yeye alifukuzwa nchini mwaka 1965. Kisha rais wao wa kwanza, Kamuzu Banda, akajenga shule ya sekondari ya kifahari huko Kasungu, iliyofunguliwa mwaka 1981, mahali inapoelezwa kwamba yeye mwenyewe alifundishwa herufi chini ya mti. Watoto wa Kimalawi wakafundishwa Kilatini na Kigiriki cha kale, na kwa matakwa ya Banda walimu wakawa Wazungu watupu. Baada ya historia hiyo yote, unamshushia mwanakijiji mtu wa Pongwe kwenye baiskeli, mkononi ana mfuko wa kashata za mama yake, unategemea apige vigelegele? Kashata lakini zilipokewa vizuri. Ziliisha kabla ya hotuba.

Baada ya hotuba akaja mzee mmoja mwenye mkongojo, akaniuliza kwa Kiswahili safi kama mimi ni Mswahili. Nikaitikia kwa furaha, nikidhani nimepata ndugu. Akaniambia kwamba Mswahili aliyevuma kuliko wote hapa Karonga alikuwa Mlozi, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa. Alipigana na Waingereza miaka na miaka, na mwaka 1895 wakamnyonga. Akanyamaza kidogo ili niielewe vizuri hiyo sehemu ya mwisho, ndipo akanikaribisha nyumbani kwake kula. Alikuwa na haki ya kuniuliza. Mauaji ambayo watu wa Mlozi waliwafanyia Wangonde, wenyeji wa hapa, mwaka 1887 kando ya ziwa hayana mzaha, na wajukuu wao wanayajua kwa majina ya mahali. Nilikula kwa adabu kubwa, na kila nikipita kwake namwamkia kabla hajaniona.

Tuingie darasani. Mwaka 1994 serikali ya Malawi ilifuta ada ya shule ya msingi, na wanafunzi wakaongezeka ghafla kutoka kama milioni 1.9 hadi karibu milioni 3. Baba anaijua hadithi hii, maana yeye alisomeshwa na walimu wetu wa UPE (elimu ya msingi kwa wote), wahitimu wa darasa la saba waliofunzwa harakaharaka baada ya Azimio la Musoma la 1974. Watoto huongezeka kwa tangazo la siku moja. Mwalimu na darasa havitangaziki. Lengo la serikali hapa ni watoto 60 kwa mwalimu mmoja. Darasa la kwanza la shule yetu linalihesabu lengo hilo kwa safu tatu za mbele, halafu linaendelea hadi mlangoni, na nje ya mlango chini ya mti kuna mkondo wa pili.

Nilipolijaribu darasa hilo, sauti yangu, ile inayosifiwa na Mama nikiadhini, ilifika safu ya nne ikakata. Ndipo nikapelekwa kukaa nyuma kwa Madamu, mwalimu wa darasa hilo, nione kazi inavyofanywa.

Madamu ni mwanamke mfupi, mtoto mgongoni, na kila asubuhi hutia sahihi kwenye daftari la mwalimu mkuu kupokea chaki mbili. Vifaa vingine anajiletea. Wamalawi wana utaratibu wao wa kutumia vitu vya mazingira kufundishia, wanauita TALULAR, na mwalimu wa kijijini anaujua kuliko waliouandika. Madamu ana ndoo ya vizibo vya soda, punje za mahindi, na herufi alizozifinyanga kwa udongo akazianika juani. Siku hiyo ilikuwa kutoa. Akamwita msichana mmoja mbele, akamwambia apange vizibo tisa juu ya meza. Hao ni mbuzi. Usiku umeingia, darasa zima limelala, vichwa chini. Fisi anakuja! Madamu anavuta vizibo vitatu. Watoto mia na ushei wanapiga yowe la kumfukuza fisi, kuku wa uwanjani wanatawanyika, na darasa la tano kule ng'ambo wanasimamisha sarufi. Halafu kimya. Wamebaki mbuzi wangapi? Msichana anagusa kimoja kimoja kwa kidole. Sita. Darasa linapiga makofi kwa mpigo mmoja, linayasugua viganjani, linamrushia mwenzao. Kipindi kikaisha bila kitabu hata kimoja, na chaki ya pili ilikuwa bado nzima mfukoni mwake.

Na hao watoto, nyumbani husema Kingonde, pacha wa Kinyakyusa. Vitabu vyao vya madarasa ya chini ni vya Kichewa. Wakipanda madarasa ya juu, masomo yanakuwa kwa Kiingereza. Mapumziko wanaimba Diamond kwa Kiswahili, bila kukosea neno. Mtoto wa miaka tisa ana lugha nne, na mchana kutwa ananihurumia mimi ninayekwama kwenye Kichewa cha kuombea maji.

Mimi nimepewa darasa la sita, sayansi za jamii na mazingira. Hapo ndipo nilipoingia kwenye mgogoro wa kimataifa. Ukutani kuna ramani kubwa ya rangi, iliyochorwa na wageni waliokuja kujitolea wiki mbili. Katika ramani hiyo ziwa lote, tangu Karonga hadi kusini, ni la Malawi, na mpaka umepita ufukweni kwetu, kiasi kwamba mtu wa Mbamba Bay akitumbukiza mguu majini yuko nje ya nchi bila pasipoti. Nikasema mbele ya darasa kwamba kwetu ziwa hilo ni Nyasa na mpaka unapita katikati. Darasa likaguna. Mkono mmoja ukanyooshwa: "Mwalimu, katikati ya maji mtaweka uzio gani?"

Kufika mapumziko, habari zilikuwa zimetangulia ofisini. Walimu wakanieleza kwa upole kwamba Mwingereza na Mjerumani walikubaliana hivyo Berlin mwaka 1890. Nikawajibu kwa upole kwamba hao wawili hawakumuuliza mvuvi hata mmoja. Kwa hiyo mpaka huu umechorwa na Wazungu mara mbili: mara ya kwanza kwa mkataba, mara ya pili kwa brashi ya wiki mbili. Marais wastaafu wakiongozwa na Joaquim Chissano wameshakalishwa kuusuluhisha. Mwalimu mkuu akaona si haki kumtwisha mzigo huo mwalimu wa darasa la sita. Akaamua kwamba katika kipindi changu nifundishe kina cha ziwa, samaki na mawimbi, mipaka aifundishe yeye. Kisha tukala ugali wa muhogo kwa usipa, wale wale dagaa wanaouzwa Kyela, na hakuna aliyewauliza walivuliwa upande gani.

Uzalendo wangu umepata mapigo mengine. Sokoni wanauza mchele mzuri wenye kunukia, wanauita Kilombero. Nikamwambia mama muuzaji kwamba Kilombero ni kwetu, Morogoro. Akanitazama kwa huruma, akasema Kilombero inalimwa palepale nyuma ya nyumba yake, nikitaka anionyeshe. Tukawapeleka watoto makumbusho ya Karonga mjini, kumwona Malawisaurus, dainosaria wa Karonga. Mmoja akaniuliza kama na sisi tunaye. Nikavimba. Nikamwambia tunaye, tena wetu ana urefu wa mita 13 kwenda juu, alichimbwa Tendaguru, Lindi, kabla ya vita vya kwanza vya dunia. Akauliza amewekwa mji gani. Nikamwambia Berlin. Akanipa pole.

Jioni moja nilimuuliza Madamu wageni wa kujitolea wamewasaidia nini. Hakuwasema vibaya. Alisema wengi wana moyo mzuri, na rangi ya ukuta bado ipo. Ila akaongeza kwamba mgeni wa wiki mbili ni mwanafunzi wa ziada: anafundishwa salamu, anafundishwa majina, anaonyeshwa choo, na siku anapoanza kuelewa darasa ndiyo siku ya kuagana, na watoto wanalizwa bure. Akanikodolea macho. "Wewe utakaa?" Nikamwambia nakaa mwaka mzima wa shule. Akanigawia safu mbili za darasa lake.

Nami nimemwelewa. Shule hii haikupungukiwa na watu wema, imepungukiwa na watu wanaokaa, na aliyekaa kuliko wote ni huyo wa chaki mbili. Anayetaka kujitolea, Mzungu kwa Mwafrika, aje muhula mzima, aje na sauti, na akubali kukaa nyuma kwanza atazame.

Na kabla hamjaniuliza lini nitamtafutia nani nafasi huku, nina ombi moja. Yule binti aliyelichukua darasa langu hapo Pongwe, na yeye anajitolea. Ana cheti, hana mshahara, anaishi kwa mchango wa wazazi mliokubaliana kikaoni. Mtoto wenu anafundishwa hesabu na huyo. Mjomba, mimi nilipoondoka wewe ulikuwa unadaiwa miezi mitatu. Lipa.