Namna ya Kuchungulia kwa Jirani Bila Kukata Simu

Tuseme wewe ni simu ya 4G. Umo mkononi mwa abiria, basi limetoka Dar es Salaam, Chalinze inakaribia, na mwenye simu anaongea na mama yake. Mnara unaokuhudumia umeanza kufifia. Sogea, nikufundishe kutoroka kwa adabu.

1. Omba ruhusa. Usiuchungulie mnara jirani kwa wizi, utapitwa na maneno. Uarifu mnara kwamba mawimbi yake yameshuka chini ya kiwango, nao utakupangia ratiba: milisekunde 6 za kunyamaza katika kila milisekunde 40, au katika kila 80. Muda huo mnara hautakutumia kitu, kwa hiyo hakipotei kitu. Hakuna utoro mtamu kama ule ambao bosi mwenyewe amekuandikia ruhusa.

2. Ondoka kweli. Jirani aliye kwenye masafa yaleyale utamsikia hapohapo ulipo. Wa masafa mengine ndiye mwenye kazi: kama sikio lako la redio ni moja, huwezi kusikiliza kote kuwili. Acha kutuma, acha kupokea, geuza redio, tega sikio.

Na mbona 6? Mnara wa 4G hutoa ishara ya kujitambulisha kila milisekunde 5. Kaa 5, na hata ukifika katikati ya zamu utaikuta mara moja. Ile 1 iliyobaki ni nauli ya kwenda na kurudi. Hesabu hii naipenda mno. Aliyeipanga hakuacha nafasi ya kupiga soga njiani.

3. Rudi kama hukutoka. Sauti ya mama husafiri kwa vipande vya milisekunde 20, na kipande kikichelewa kidogo, akiba uliyoweka huziba pengo. Binadamu hupenda kuamini kwamba unamsikiliza yeye peke yake. Mwachie imani hiyo.

Anayeumia ni yule wa kiti cha nyuma anayepakua filamu huku simu yake nayo ikichungulia hivihivi: 6 katika 40 ni asilimia 15 ya muda wake. Katika 80, ni 7.5. Lakini basi likiwa mbio, ukipangiwa 40 ichukue bila aibu. Heri filamu ichelewe kuliko simu kukatika.

4. Usihame kwa tamaa. Jirani akisikika vizuri mara moja, huenda ni kilima tu kimepisha. Pima tena, na tena. Akiendelea kuwa bora, toa taarifa, kisha subiri mnara ndio uamue. Simu inayorukaruka kati ya minara miwili huchosha yote miwili, na maongezi huharibika.

5. Agizo likija, hama mara moja, usiage.

Chalinze imeshapita. Mnara ni mwingine, masafa ni mengine, na mama bado anauliza kama mwanawe amekula.