Wiki Moja ya Aprili, Mpaka Kufa

Familia nyingine hugombania shamba. Yetu iligombania wiki. Si ploti, si nyumba, si hata chumba: wiki moja kwa mwaka ndani ya nyumba ya mtu mwingine kando ya bahari, ambayo tungeilipia kwa mkupuo, kisha tuilipie tena kila mwaka mpaka tuzikwe, na tukishazikwa watoto waendelee. Wauzaji wanaiita taimushea. Jina nililoipa mimi mhariri amelikata.

Mchezo wenyewe hauna ugumu. Mwenye jengo huchukua nyumba moja, akaweka kando wiki ya kupaka rangi na kurekebisha mabomba, halafu wiki hamsini na moja zilizobaki akaziuza moja moja kwa watu mbalimbali. Hapa Nairobi ukiuza ploti moja kwa wanunuzi hamsini na mmoja, wapelelezi wa DCI watakutafuta hadi kwa shangazi yako. Huyu anapewa ukumbi wa hoteli na kipaza sauti.

Ilikuwa Januari 2024, mwezi ambao hakuna Mkenya mwenye karo aliye na akili timamu. Mke wangu alisimamishwa kwenye jumba la maduka na binti mwenye kalamu na tabasamu, akaambiwa ameshinda wikendi ya watu wawili Pwani. Sharti ni moja tu: zawadi haitolewi mpaka mume na mke wafike pamoja kwenye maelezo ya dakika tisini. Hilo sharti lilitungwa na mtu anayezijua ndoa. Nyumbani kwetu maneno "ngoja niongee na mama watoto" yametuokoa na bima, magodoro ya kutibu mgongo na ng'ombe wa maziwa aliyekuwa anauzwa kwa simu. Sasa mama watoto yuko kando yako, anakula sambusa yao. Utaenda kuongea na nani?

Dakika tisini zikaenda hadi jua likaelekea kutua. Kijana aliyetuhudumia alikuwa na suti inayombana na kikokotoo kikubwa kama tofali. Aliniita "mkubwa" mpaka alipouliza mshahara, kuanzia hapo nikawa "mzee". Akauliza, "Mzee, familia yako unaithamini kiasi gani?" Kidole kikiwa tayari juu ya kikokotoo. Mke wangu akanigeukia asikie jibu. Watoto nao waliacha kuchora. Jamani, kuna maswali ambayo hata mahakamani wakili wako angeyapinga.

Nikasema ninaithamini sana. Akaandika.

Hesabu yake ilikuwa hivi. Hoteli nzuri ya ufuoni, shilingi elfu ishirini kwa usiku. Siku saba, laki moja na arobaini. Miaka ishirini, milioni mbili na laki nane. Kwa kampuni yake ningelipa laki saba na nusu pekee, mara moja, basi. "Mzee, huoni unaokoa milioni mbili?"

Milioni mbili hizo sikuziona. Kwanza, hoteli ya elfu ishirini sijawahi kulala, na hata wenyewe wanaponiona mlangoni wanajua. Ninayoijua mimi Mombasa ni ya elfu tatu na mia tano, chai ndani. Vyumba viwili, siku saba, ni elfu arobaini na tisa. Miaka ishirini haifiki milioni. Pili, ukurasa wa nyuma wa kijitabu chao ulikuwa na kitu kinaitwa ada ya matengenezo, dola mia nne kila mwaka, uende usiende. Dola. Mwezi huo dola moja ilikuwa inacheza kwenye shilingi 160. Zidisha mwenyewe: elfu sitini na nne kwa mwaka, miaka ishirini milioni moja na laki mbili na themanini, ukijumlisha na zile laki saba na nusu umevuka milioni mbili. Na hapo bado hujanunua hata nyanya, kwa sababu nyumba hizo unajipikia. Hujalipa nauli pia, na mwezi huo huo tiketi ya treni ya SGR ya daraja la chini ilikuwa imetoka shilingi 1,000 hadi 1,500. Kwamba miezi michache baadaye dola ilishuka hadi karibu 130 si hoja. Ada haisomi magazeti ya biashara, ikipanda imepanda.

Tulipokataa kusaini siku hiyo akaja meneja, akapunguza laki moja. Tukakataa, akaja meneja wa yule meneja, akapunguza nyingine na kuongeza blenda. Bei ilikuwa "ya leo tu". Tulitoka na kijitabu chenye picha, na baraza la familia likaitishwa Jumapili, maana mke wangu alikuwa ameshaipenda meza ya varandani katika ukurasa wa nne.

Sasa swali likawa ni wapi. Mke wangu alitaka Diani, kwa sababu ya mchanga mweupe na kwa sababu dada zake wote wamepigia picha huko. Alisema siku hizi huna haja hata ya feri ya Likoni, unapita barabara ya Dongo Kundu. Kitinda mimba akamuunga mkono kwa hoja zake: amesoma shuleni kwamba Diani mbega wamejengewa madaraja ya kamba juu ya barabara wasigongwe na magari. Ni kweli, wamejengewa. Nikamwambia mbega wale wanavuka bure na hawadaiwi matengenezo, lakini hakuna aliyecheka.

Shemeji yangu, ndugu ya mke wangu, kapera mwenye mshahara wa shirika, alisimama na Watamu. Ana sababu za kisomi: hifadhi za bahari za Watamu na Malindi zilitengwa 1968, za kwanza Kenya, na unaweza kuona samaki bila kuwala. Mke wangu akamkumbusha kwamba Malindi Mto Sabaki ukifurika, maji ya bahari hugeuka rangi. "Nilipe dola nikaoge chai?" Kifungua mimba wetu, ambaye ana miaka kumi na mitano na huongea mara chache kama rais, alisema popote penye waifai.

Mimi nilipendekeza Kikambala kwa kuwa ndiko kulikokuwa na bei ya chini. Aliyewahi kukaa kwenye jamu ya Mtwapa Ijumaa jioni anajua kwa nini ni ya chini. Wiki yako ya likizo inaanza ukiwa bado ndani ya matatu, umetazamana na lori la saruji.

Mama mkwe alisikiliza yote haya akimenya ndizi. Yeye ni wa Taita, na bahari haimsumbui. Anasema akitaka kuiona anapanda gari Voi asubuhi na mchana amesharudi. Akauliza swali moja tu. "Na mimi, baba, nitalala wapi?"

Kimya. Nilifungua kijitabu. Nyumba ni ya vyumba viwili, watu wasiozidi sita, watoto wakihesabiwa. Sisi ni watano. Mama mkwe ni wa sita, sawa. Ila mama mkwe hasafiri bila yule mjukuu anayemlea, huyo ni wa saba. Mama yangu akisikia mama mkwe amepelekwa bahari na yeye hakupelekwa, hiyo si likizo tena, ni kesi. Wa nane. Shemeji alishasema atapitia tu jioni moja, na jioni za shemeji huwa na mkoba wa nguo. Kijitabu kilikuwa na picha ya familia ya baba, mama, watoto wawili na mpira. Hakukuwa na nyanya hata mmoja kwenye kijitabu kizima. Hapo ndipo nilipojua bidhaa hii haikubuniwa na mtu wa kwetu.

Na kweli haikubuniwa huku. Waswisi walianza mambo haya na kampuni yao ya Hapimag mwaka 1963. Biashara ya kubadilishana wiki, kwamba wewe wa hapa ukalale kwa yule na yeye aje kwako, iliwashwa na RCI, ambayo Jon na Cristel DeHaan, mume na mke, waliianzisha 1974 Indianapolis, mji ambao ukitaka kuoga baharini unaanza na safari ya siku nzima. Kijana wa suti alilisisitiza sana hili la kubadilishana. Ukichoka Kikambala, alisema, unaenda Tenerife. Unaenda Florida.

Mtoto wa watu, hebu tukae chini. Kwenda Hispania kwa pasipoti yangu ni viza ya Schengen, na tangu Juni 2024 kuiomba ni yuro 90 kwa mtu mzima, ukinyimwa hazirudi. Wape watu watano. Marekani ni dola 185 kwa kila kichwa, na foleni ya miadi. Halafu kuna ada ya kubadilishana yenyewe. Kisha unisaidie hili: huyo Mhispania wa Tenerife, anayeamka na jua lake na bahari yake, ni kitu gani kitamfanya aitamani wiki yangu ya Aprili?

Kwa sababu ilikuwa Aprili. Hili ndilo lililokuwa limejificha muda wote tukibishana Diani na Watamu. Wiki za nyumba hizi huwekewa rangi: nyekundu za msimu mzuri, buluu za msimu ambao hata mlinzi angependa kuwa kwao. Watoto wa shule za Kenya wana Aprili, Agosti, na mwisho wa mwaka. Krismasi ilikuwa imekwisha kuuzwa, Agosti ilikuwa mara mbili ya bei, na laki saba na nusu ilikuwa ya Aprili, masika yenyewe, kusi likianza kuvuma na hoteli kadhaa za Pwani zikifunga milango kusubiri wageni warudi. Tulikuwa tunapigania ufuo, kumbe tunanunua mvua.

Na kusema kweli, nyumba ya zamu ninayo. Iko Kakamega. Wiki yangu ni kati ya Krismasi na Mwaka Mpya, msimu mwekundu kabisa, na nimepewa bila kuuliziwa mshahara. Ada ya matengenezo hulipwa kwa mabati, sukari, na mchango wa kila msiba wa kijijini niwepo nisiwepo. Hairuhusiwi kuuzwa, inarithiwa, na kamati ya usimamizi ni kaka yangu mkubwa na mama. Watu sita? Mwaka jana tulilala kumi na tisa na bado mama alikuwa anauliza mbona watu ni wachache. Mtu mwenye ushago ana mkataba wa milele tayari. Wa pili ataubebea wapi?

Shemeji hakungoja baraza limalize. Ilibainika alikuwa ameshasaini tangu Alhamisi, Kikambala, wiki ya tatu ya Aprili, na alitaka Watamu kwa ajili yetu ili apate mahali pa kupitia. Binamu ya mke wangu, ambaye ni wakili, alimpigia simu usiku huo huo. Akamweleza kwamba Sheria ya Kuwalinda Wateja ya 2012 imezitaja taimushea kwa jina, na inakupa siku kumi tangu upokee nakala ya mkataba kuufuta bila kutoa sababu yoyote. Barua moja tu. Shemeji akajibu kwamba mwanamume hasaini kisha akafuta.

Aprili hiyo ya 2024 ndiyo ile ya mafuriko, ambayo hata shule zilichelewa kufunguliwa. Shemeji alikaa Kikambala wiki nzima na staha kubwa, akitutumia picha za dirisha.

Angeweza kuwa na hali mbaya zaidi, nakiri. Hispania waliuziana wiki za milele kwa miaka mingi, mpaka sheria ya 1998 ikaweka mwisho wa miaka 50, na kuanzia 2015 Mahakama ya Juu ya huko imekuwa ikifuta mikataba iliyouzwa kinyume chake. Marekani kuna watu wanaotangaza wiki zao kwa dola moja na hawapati mnunuzi, kwa kuwa mnunuzi naye anajua hesabu ya ada. Shemeji bado hajafika kwenye dola moja. Amefika kwenye kundi letu la WhatsApp, ambako kila Machi huandika: "Wiki yangu ipo, mwenye kuitaka alipe matengenezo tu." Kundi lina watu thelathini na nne. Wote huwa hawajaona ujumbe.

Ile wikendi ya bure hatukuipata; ilikuwa na masharti yake, na mojawapo ni kwamba isiangukie wikendi. Msomaji, ukisimamishwa na binti mwenye kalamu, uliza mambo mawili kabla hujala sambusa: ni wiki gani, na ada inalipwa kwa sarafu gani. Kama umeshasaini, hesabu siku kumi leo, si kesho. Sisi Desemba hii tunaenda Diani siku nne, tunalipa, tunaondoka, hatudaiwi. Mama mkwe anakuja. Mama yangu pia.