Ng'ombe wa Kupigiwa Kura

Fribourg, Uswisi
Septemba

Baba, Mama, Susu, na Mjomba wa Mutomo iwapo umefika hapo Mbooni kufuata chai,

Salamu nyingi kama mchanga wa Mto Tiva, ule ambao malori hayajaubeba bado. Sisi hatujambo. Mkwe wenu anawasalimu, watoto wanakua, na baridi imeanza kubisha hodi.

Baba, nilikueleza kwa simu kwamba Jumamosi tulitoka kwenda kutembea. Ukaniuliza wapi, nikakwambia tumeenda kuangalia ng'ombe, simu ikakatika. Naamini ilikatika yenyewe. Sasa nieleze kwa utulivu.

Huku watu hulipa kiingilio waone ng'ombe. Familia nzima hujipamba, hufunga vyakula, hupanda garimoshi hadi Gruyères, mji mkongwe wenye ngome yake juu ya kilima. Chini ya kilima, mbele ya stesheni, kuna kiwanda cha jibini kinachopokea wageni. Mlangoni unapewa kifaa cha kusikilizia, na anayekutembeza ni ng'ombe. Anaitwa Cerise. Anakusimulia sikioni majani anayokula mlimani na jinsi maziwa yake yanavyogeuka jibini. Watoto walimsikiliza kwa Kifaransa, mimi kwa Kiingereza. Kikamba hajajifunza. Mjomba, wewe ng'ombe wako unawasemesha kwa miluzi na matusi, na wanakuelewa. Huku ng'ombe ndiye msemaji, na wewe uliyelipa unanyamaza.

Nyuma ya kioo tukaona mapipa ya shaba yanayotosha kumwogesha kifaru. Maziwa hugandishwa, yakakatwakatwa, yakapashwa moto hadi nyuzi 57, kisha yakashindiliwa kwenye vyano vya mviringo. Jibini moja ina uzito wa kilo 35 hivi, nayo hula kama lita 400 za maziwa. Nikapiga hesabu palepale. Yule ng'ombe wako mwekundu, Mjomba, anayetoa lita mbili siku akifurahi, angekamuliwa siku 200 mfululizo tupate jibini moja, na hapo ndama hajaonja tone. Baada ya hapo jibini huwekwa ghalani miezi kadhaa, na roboti hupita ikizigeuza na kuzisugua kwa maji ya chumvi. Susu, najua utasema nini: kibuyu chako kinatengeneza mala kwa siku mbili na hakijawahi kuhitaji umeme.

Kisha tukapanda upande wa Mlima Moléson, wenye urefu wa mita 2,002, kwenye malisho yenyewe. Baba, ng'ombe wa huku ni gredi tupu, kiwele kinakaribia kugusa nyasi, na kila mmoja ana kengele shingoni. Mbuzi wa Kibwezi wakiwa na kengele ni sawa, lakini kengele hizi ukiisikia moja unadhani misa inaanza. Katika kijiji cha Aarwangen, jimbo la Bern, wakazi wapya walilalamika mwaka 2023 kwamba kengele zinawanyima usingizi. Wanakijiji wakakutana, wakapiga kura kuzilinda kengele.

Hilo ni dogo. Tarehe 25 Novemba 2018 nchi nzima ilipiga kura kuhusu pembe za ng'ombe. Nchi nzima, Baba! Ng'ombe wengi huku hukatwa pembe wakiwa ndama, wasije wakachomana zizini. Mfugaji mmoja, Armin Capaul, akakusanya sahihi zaidi ya laki moja akitaka Katiba iahidi ruzuku kwa anayeziacha pembe. Pendekezo likaanguka, asilimia 54.7 wakikataa. Hakuna aliyekimbilia Mahakama ya Juu.

Na sheria wanayo ya kutosha. Ng'ombe anayefungwa zizini lazima atolewe nje kunyoosha miguu angalau siku 90 kwa mwaka. Mjomba, wa kwako wanaofuata maji mtoni kila siku, kufikia tarehe 31 Machi wameshamaliza haki zao za mwaka mzima. Tena serikali humlipa mfugaji anayepandisha mifugo milimani wakati wa joto, kwa maana majani yasipoliwa, msitu utafunika malisho, na mandhari tuliyoilipia nauli itapotea. Ng'ombe ni mfyekaji wa serikali, ila yeye halipwi posho.

Tulipoketi kula krimu nzito ya huko, ambayo kijiko husimama ndani yake wima, pamoja na vitamutamu vya ute wa mayai, binti yangu akauliza kama Wakamba nao waliwahi kuwapigia ng'ombe kura. Nikamwambia walipiga kwa miguu. Mwaka 1938 wakoloni walisema ng'ombe wetu ni wengi mno na wanamaliza udongo, wakaanza kuwatwaa kwa nguvu na kuwauza kwa bei ya kutupa kwa kiwanda cha nyama cha Athi River. Muindi Mbingu akawaongoza watu kwa maelfu, wanaume kwa wanawake, hadi Nairobi, wakapiga kambi huko majuma kadhaa wakimtaka Gavana. Mbingu akahamishiwa Lamu, lakini mpango wa kunyang'anya ng'ombe ukavunjwa. Makueni wakati huo ilikuwa ndani ya Machakos, kwa hiyo Baba una haki ya kujidai. Mjomba ashangilie kutoka ng'ambo ya Mto Athi.

Basi mtu asiwadanganye kwamba mapenzi ya ng'ombe yalianzia Uswisi. Ukungu wa Moléson ni ndugu wa ule unaofunika vilima vya Mbooni asubuhi. Wenzetu wametuzidi jambo moja tu, kumtoza mgeni ada ya kuegesha gari chini yake.

Sasa maagizo. Baba, ile mbegu ya fahali uliyoagiza niilete kwenye begi haiwezekani. Husafirishwa ndani ya mtungi wa naitrojeni wa nyuzi 196 chini ya sifuri, na begi langu Mama amekwishaliagizia chokoleti.

Desemba tunakuja sote, na hapa naomba msaada. Kwenye zizi moja huko Moléson kila ng'ombe aliandikiwa jina lake juu ya kihori. Binti yangu aliyasoma yote kwa sauti, na tangu siku hiyo haonji nyama kabla ya kuuliza marehemu aliitwa nani. Susu, yule jogoo unayetutunzia asipewe jina lolote. Na Mjomba, mbuzi wako tafadhali afike usiku, watoto wakiwa wamelala, na asijitambulishe.

Wasalaam,
Mwana wenu wa Fribourg